Wembe Haukati

Kichwa cha Kenan kilikuwa kimetembea dunia kuliko Kenan mwenyewe. Yeye hakuwahi kuvuka mpaka wa Uturuki hata kwa kupotea njia, lakini picha ya kichwa chake, ya kabla na ya baada, ilikuwa imefika Dublin, Riyadh, Lagos, na kisiwa kimoja cha kaskazini ambako inasemekana upepo umewanyoa wanaume wote na mbuzi wao. Picha hiyo ilichapwa kwenye vipeperushi vya zahanati ya kupandikiza nywele alikofanya kazi ya kupokea wageni, kule Şişli, Istanbul, na nyingine kubwa kama mlango ilitundikwa mapokezi. Wageni aliowachukua uwanja wa ndege walishuka garini wakiwa bado wameng'ang'ania kofia zao. Wakaitazama picha, wakamtazama yeye, kisha wakavua kofia. Mmoja alimshika kichwa kwa mikono miwili akakibusu, kama kule wabusuvyo kwa heshima mkate ulioanguka chini.

Wageni hao hawakujua kuwa picha ile ilikuwa na umri wa miaka miwili na nusu, na kwamba siku hizi kichwa chenyewe kilipakwa unga wa rangi ya nywele kila asubuhi.

Jumatano hiyo, siku tatu kabla ya harusi yake, Kenan aliketi chini ya taa kali ya Daktari Meral, bibi aliyempandikiza nywele kwa mikono yake.

"Sema tu, dada Meral. Nimeshajikaza."

"Niseme nini usichokijua? Za mbele nilizokupandikizia zimekaa, na hizo zitakuzika. Lakini za nyuma yake, ulizozaliwa nazo, zinaondoka. Nilikwambia zitaondoka. Ulitikisa kichwa, na siku zile ulikuwa na cha kutikisa."

Alimgeuzia skrini. Mbele kabisa palikuwa na ukingo mweusi, uliopandwa vizuri kama ua wa michongoma. Nyuma ya ua palikuwa na uwanja mweupe unaong'aa hadi utosini. Ua ulikuwa unalinda nyumba iliyokwisha kubomolewa.

"Tupande tena," Kenan alisema.

"Kutoka wapi? Kisogo chako nilishakivuna. Nikigusa tena hapo utafanana na zulia lililoliwa na nondo. Shamba limekwisha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo una njia tatu, na sioni hata moja utakayoipenda. Urudi kwenye vidonge. Uvae nywele za bandia uzigundishe kila baada ya wiki mbili. Au unyoe zote, za kwako na za kwangu, na hapo mkurugenzi atakuondoa mapokezi uendeshe gari tu."

"Vidonge siwezi."

Daktari alishusha sauti. "Bado ile hali?"

"Ilirudi sawa nilipoacha. Mwezi wa nane niliacha, mwezi wa tisa nikaanza kuokota nywele kwenye mto."

"Wapo wanaume wengi wanavimeza wala hawasikii chochote. Wewe ulisikia. Basi, si kosa lako." Aliirudisha skrini mahali pake. "Mchumba wako anajua?"

Kenan alitazama viatu vyake.

"Anajua angalau kwamba hizi za mbele ni kazi yangu?"

"Baba yake ni kinyozi," Kenan alisema.

Daktari Meral alizima taa. "Mungu wangu," alisema, taratibu, kama mtu anayetoa pole ya msiba.

Fundi Nazmi, baba yake Belgin, mchumba wa Kenan, alikuwa amenyoa watu wa mtaa mmoja wa Üsküdar kwa miaka thelathini na tisa. Watu walisema angeweza kumtambua mteja gizani kwa kumpapasa kisogo, na kwamba aliwahi kumnyoa mtu ndani ya meli yenye dhoruba bila kumtia hata alama. Akimaliza kunyoa, alisema kama vinyozi wote wasemavyo: "Afya iwe kwako." Lakini mtaa mzima ulijua kilichofuata baada ya hapo. Mteja wa kupita aliongezewa "bwana." Aliyependwa, aliyehesabiwa wa nyumbani, aliongezewa "simba wangu." Kulikuwa na wanaume wenye wajukuu waliokuwa bado wanasubiri kuitwa simba.

Kenan hakuitwa bwana wala simba, kwa sababu hakuwahi kukaa kwenye kiti kile. Mwaka mmoja na nusu wa mapenzi, na kila alipopita dukani alikuwa na neno. Nimenyolewa jana, mzee. Naona leo kuna foleni. Zahanatini tuna kinyozi wetu. Fundi Nazmi alisikiliza yote akinoa wembe kwenye mkanda wa ngozi, kisha akamwambia bintiye, "Mwanamume asiyenipa kichwa chake, mimi nimpeje mtoto wangu?"

Belgin alilia, mama yake akabembeleza, na mwishowe mzee alikubali kwa sharti moja: kinyozi wa bwana harusi atakuwa yeye mwenyewe, Jumamosi asubuhi, mbele ya ngoma na zumari na wanaume wote wa mtaa. Ndivyo desturi ilivyo. Bwana harusi huketi katikati, rafiki zake humchezea pande zote, na kinyozi akifika nusu husimama, hupandisha mabega na kusema, "Wembe haukati." Hapo watu hucheka, humtia chochote mfuko wa mbele, na wembe hupata makali papo hapo.

Wengine huota harusi yao wakiwa uchi. Kenan aliota yake akiwa amelowa.

* * *

"Umechelewa," Belgin alisema.

"Mvua."

"Mvua ilinikuta na mimi, na nimefika."

Walikutana jioni hiyo kwenye duka la vitamutamu vya maziwa walikozoea kukutana, meza ya pembeni, chini ya kioo kirefu. Belgin alifanya kazi kwa mtengeneza miwani, kupima macho ya watu kutwa nzima, na macho yake mwenyewe yalikuwa na tabia ya kutua juu ya mtu na kutulia hapo hadi mtu ajisikie amesomwa. Kenan aliyapenda macho hayo kwa namna iliyomtia uchungu kifuani. Aliyapenda zaidi yakitazama kwingine.

Belgin alikuwa amekwisha agiza. Mbele yake palikuwa na bakuli la maziwa yaliyogandishwa kwa unga wa mchele, meupe kama shuka la hoteli.

"Baba amepata mpiga zumari kutoka Edirne," alisema. "Jitu kweli. Wanasema aliwahi kukosea nyumba akapuliza kwenye matanga, na waliofiwa wakacheza hadi chakula kikapoa."

Kenan alitabasamu. Alichukua karatasi ya mezani akajipangusa paji la uso, kisha akainama kumbusu mkono.

"Kenan, baba ameniuliza tena. Anasema uje kesho, kabla ya kelele za Jumamosi, akukate kidogo pembeni azoee kichwa chako. Safari hii utasema nini?"

"Nitamwambia Jumamosi inatosha."

"Kwa nini humpi mzee furaha hiyo? Anakuomba kitu gani, figo?" Alichota kijiko, akakitazama, akakirudisha. Aligeuka kumtafuta mhudumu. "Kaka, samahani. Nilisema bila mdalasini."

Mhudumu alikuja, akaliinamia bakuli. "Dada, mdalasini umekwisha tangu jana. Hakuna aliyewekewa."

"Na hii ni nini?"

Juu ya maziwa meupe palikuwa na vumbi la kahawia, laini, limenyunyizwa kwa ukarimu upande wa Kenan. Belgin aligusa kwa ncha ya kidole, akaweka ulimini. Alikunja uso.

"Huu si mdalasini."

Tone moja la maji, lenye rangi ya chai kali, lilitelemka kutoka nywele za Kenan, likapita kwenye panja, likadondokea kitambaa cha meza. Mhudumu alilitazama tone, akatazama lilikotoka, akakumbuka kuwa anaitwa jikoni.

Belgin aliinuka nusu, akanyoosha mkono juu ya meza, akatenga nywele za mbele kwa vidole viwili, taratibu, kama anavyomrekebishia mteja fremu ya miwani. Kenan alifumba macho. Alisikia kidole kikipita juu ya ua, kisha kikaingia uwanjani, kikazunguka pale penye ubaridi, kikatoka.

"Ni unga," alisema Belgin.

"Ni unga."

"Na hizi za mbele?"

"Zilipandikizwa. Kabla hatujajuana."

"Zilitoka wapi?"

"Kisogoni."

Belgin aliketi. Mabega yake yakaanza kutetemeka, na Kenan, aliyekuwa amejitayarisha kwa machozi, alichelewa kuelewa kwamba anacheka.

"Ndiyo hilo?" alisema. "Mwaka na nusu unamkimbia baba yangu kama mwizi wa kuku, kumbe ni kipara? Nilidhani una mke Bursa. Shangazi Hacer alidhani uliwahi kufungwa jela, wamekuchora tatuu kichwani."

Kenan naye alicheka. Alimshika mikono yote miwili, na kwa dakika moja, labda mbili, hakuna mtu katika Istanbul nzima aliyekuwa na furaha kama yake.

"Sasa daktari anasemaje?" Belgin aliuliza. "Zitaisha?"

"Zitaisha, zibaki za mbele peke yake."

"Kama kichwa cha burashi."

"Kama kichwa cha burashi."

"Hakuna dawa?"

Hapo angeweza kusema hakuna. Lakini mtu akishatua mzigo mmoja hutaka kutua yote, na Kenan alikuwa amelewa wepesi.

"Ipo. Nilivimeza vidonge tangu mwaka mpya, miezi minane. Vilizuia kweli. Lakini viliniharibu, Belgin. Sijui nikuambieje. Hamu ilikufa. Nilikuwa nakutazama kama mtu anayetazama chakula akiwa na homa. Ndiyo maana niliviacha mwezi wa nane. Niliviacha kwa ajili yako."

Alitarajia kubanwa mkono. Mikono ya Belgin ilibaki pale pale ndani ya yake, ila haikuwa tena na mtu ndani.

"Kuanzia mwaka mpya," alisema.

"Ndiyo."

"Hadi mwezi wa nane."

"Belgin."

"Mwezi wa tano, kwenye ngazi za kwenu, nilikuuliza kama kuna mwanamke mwingine. Ukasema nini?"

"Nilisema hapana. Na ilikuwa kweli."

"Nikakuuliza, basi ni mimi? Ukasema nini?"

Mvua ilipiga dirisha. Meza ya pili mtoto alikuwa akilamba kijiko.

"Nakukumbusha," alisema Belgin. "Ulisema, 'Labda tumechoka tu.' Tumechoka. Wewe na mimi. Nilirudi nyumbani nikajiangalia nimechoka wapi. Nilipunguza kula hadi nikaanguka kazini. Shangazi Hacer alinifunika shuka akayeyusha risasi, akaimwaga kwenye maji juu ya kichwa changu, kuondoa kijicho. Mara tatu. Risasi ilitoka kila mara ina umbo la jicho, akalia, akasema mwanangu wamekupata. Na wakati wote huo jibu lilikuwa kwenye kabati lako la bafuni."

"Niliona aibu."

"Najua. Uliona aibu ukanipa mimi niibebe." Alitoa mikono yake. "Unakumbuka nywele zangu?"

Kenan alijua anakoelekea, na hakuwa na njia ya kumzuia.

"Msuko wangu ulifika hapa," Belgin alisema, akagusa kiuno. "Ulikuwa unauzungushia mkononi tukikaa pale ufukweni Salacak. Tangu mwaka mpya hukuushika tena. Mwezi wa sita nikasema, labda nafanana na mtoto wa shule, labda hataki tena. Nilikaa kwenye kiti cha baba nikamwambia kata. Nikamwambia ni joto. Siku ngapi zilipita kabla hujaona?"

"Niliona."

"Siku kumi na mbili. Nilikuwa nahesabu. Tulikutana mara tano, hapa hapa, meza hii hii. Nilikaa hapa, wewe ukakaa hapo, na mara zote tano ulikuwa unatazama hicho kioo kilicho nyuma yangu."

Kenan hakuinua macho. Kama angeyainua yangeangukia kwenye kioo.

"Ungekuja na kipara," Belgin alisema. "Ungekuja bila meno. Mimi ningekuchukua." Pete ilikuwa kidole cha mkono wa kulia, kama ya kila mchumba. Ilitoka kwa shida, kwa sababu tangu mwezi wa nane alikuwa ameanza kula tena. Aliiweka kwenye kisahani, kando ya maziwa yaliyochafuka. "Usije Jumamosi."

"Watu wamealikwa, Belgin. Niwaambie nini?"

Alishavaa koti. "Waambie mdalasini umekwisha."

* * *

Alhamisi Kenan alioga, akasugua hadi maji yakatoka meupe, na hakujipaka unga. Hakuvaa kofia. Alipanda mteremko wa Üsküdar na ua wake mbele na uwanja wake nyuma, na kila aliyepishana naye alimtazama uso, kisha akatazama juu, kisha akatazama dukani kwa watu. Alipita wageni wawili wenye mikanda myeusi vichwani na madoa mekundu ya kupandikizwa jana. Walimpungia mkono kwa furaha. Walikuwa wamemtambua wa kwenye picha, na walipomfikia karibu mikono yao ilishuka polepole.

Dukani palikuwa na Fundi Nazmi na mzee Sıtkı, mstaafu wa reli, ambaye hakuja kunyolewa kwa kuwa hakuwa na cha kunyoa tangu enzi za treni za makaa. Alikuja kwa ajili ya gazeti.

"Tazama aliyekuja," alisema Sıtkı. "Kijana, hicho kichwa umekivaa kinyume?"

"Sıtkı," Fundi Nazmi alisema, "nenda ukanywe chai."

"Ninayo chai hapa."

"Kanywe nyingine."

Sıtkı alitazama mmoja, akatazama wa pili, akachukua gazeti lake na kutoka. Fundi Nazmi aligeuza kibao cha mlangoni kikasema duka limefungwa. Hakuonyesha kiti. Kenan alikiendea mwenyewe, akakaa, na kitambaa cheupe kikamshuka mabegani kwa mara ya kwanza.

Mzee alimlowesha, akaweka vidole vyote kumi juu ya kichwa kile alichonyimwa mwaka na nusu. Alivitembeza mbele, utosini, kisogoni, akasimama pale penye vidoa vilivyovunwa.

"Ulidhani sikujua?" alisema hatimaye. "Siku ile mlipokuja kumposa, umeinama kunywa kahawa yako ya chumvi kama kila mposaji, nilizitazama kutoka juu. Nywele zilizohamishwa husimama kama watoto wa shule, zimepangwa mstari na hakuna anayecheza. Nilijua, nikanyamaza. Nilikuwa nasubiri uje uniambie."

"Nimekuja, baba."

"Sijawa baba. Unataka nikate nini?"

"Zote."

"Na hizi ulizoteseka kuzipata?"

"Hizo ndizo uanze nazo."

Fundi Nazmi alipiga povu kwenye bakuli, akapaka kwa burashi, akafungua wembe. Ua ulianza kuanguka. Ulianguka bila sauti, kipande kwa kipande juu ya kitambaa, na Kenan aliutazama kwenye kioo bila huzuni aliyoitarajia. Alikuwa ameyatoa machozi ya ua ule zamani sana. Wembe ulipanda, ukafika katikati ya utosi, ukasimama.

"Wembe haukati," alisema Fundi Nazmi.

Mkono wa Kenan, chini ya kitambaa, ulienda mfukoni wenyewe.

"Toa mkono mfukoni."

Aliutoa.

"Mama yake Belgin amelala mlangoni kwake tangu jana. Mtoto hali, hasemi. Pete hana. Tunamuuliza, anatujibu tu, muulizeni yeye. Mtoto wangu halii vile kwa ajili ya kipara, nimemlea, namjua. Wembe haukati mpaka nijue."

Mtu hawezi kukimbia na nusu ya kichwa. Kenan alisimulia. Vidonge alivitaja, na vilichomfanya, ingawa maneno hayo mbele ya mzee yalimtoka kama miiba ya samaki. Alisimulia ngazi za mwezi wa tano na alichojibu. Alipofika kwenye msuko alisimama, kwa sababu mkono wa mzee ulikuwa umetoka kichwani mwake.

Fundi Nazmi alivuta droo ya chini. Alitoa kitu kilichofungwa kwenye taulo safi, akakifungua mbele ya kioo. Msuko ulikuwa mrefu, mweusi, umefungwa uzi mwekundu ncha zote mbili.

"Alisema ni joto," mzee alisema. "Mimi nikacheka. Nikamwambia, utafanana na askari mpya kambini. Nilimkata huku namtania, Kenan. Akawa anacheka na mimi, na sasa unaniambia alikuwa anacheka nini."

Aliufunga msuko tena, akaurudisha. Alirudi nyuma ya kiti akiwa na wembe wazi, akamwegemeza Kenan kichwa upande, shingo nje. Alisimama hivyo kwa muda. Kenan alimwona kwenye kioo, na alikuwa mzee kuliko jana. Kenan hakusogea. Kama mkono ule ungeteleza, asingeshangaa wala asingedai.

Wembe ulishuka taratibu pale ulipoachia, ukaendelea na kazi. Haukumtia hata alama moja.

Ulipomaliza, palibaki kichwa cheupe chenye vidoa vidogo kisogoni, mamia kwa mamia, kama ufuta juu ya mkate wa simit. Sakafuni nywele zote zilikuwa lundo moja, za kuzaliwa na za kupandikizwa, na hakuna jicho lingeweza kuzitenganisha.

Mlango wa ndani, wa ngazi za kupandia nyumbani, ulifunguka. Belgin alisimama pale na sweta la mama yake, macho yamevimba. Alikuwa ameisikia sauti ya Kenan.

Hakuna aliyemkaribisha. Alikizunguka kiti polepole, akimpima kama anavyopima watu kutwa nzima, bila haraka, bila kukosea. Aliweka kiganja juu ya utosi. Kilikuwa cha moto, na Kenan alikisikia hadi miguuni. Kidole kimoja kilishuka kisogoni, kikapita juu ya vidoa.

"Iliuma?"

"Walipopandikiza, hapana."

"Kichwa chako kizuri," alisema Belgin, na ilikuwa kweli, na ndiyo maana sauti ilimkatika. "Ungenionyesha mwezi wa kwanza."

"Nakuonyesha sasa."

"Sasa kila mtu anakiona."

Aliondoa kiganja. Pale kilipokuwa pakawa na baridi kuliko kwingine kote.

"Jumamosi," Kenan alisema.

"Hakuna Jumamosi. Baba atampigia simu mpiga zumari."

"Basi lini? Nitasubiri. Niambie nisubiri kiasi gani."

Belgin alishika ncha ya nywele zake, zilizokomea sikioni, akazivuta kidogo kuzipeleka chini, kuelekea begani, kuelekea kiuno. Hazikufika popote.

"Hizi huota polepole," alisema. "Sitaki kukudanganya."

Alichukua ufagio uliosimama pembeni, akaanza kufagia lundo. Alifagia kama alivyofundishwa tangu utotoni, kutoka kwenye kiti kwenda nje, bila kuacha hata unywele. Kenan alivuliwa kitambaa. Alisimama, akangoja. Mteja hatoki dukani kabla hajaambiwa neno, na neno hilo ni la kinyozi. Lakini Fundi Nazmi alikuwa amewageuzia mgongo, anaosha burashi iliyokwisha takata.

Kenan alifika mlangoni, akashika kitasa.

Ufagio ulitulia.

"Afya iwe kwako," alisema Belgin, na Kenan akageuka, akisubiri kinachofuata.

"Bwana."

Alikuwa amelisubiri neno hilo hilo, kutoka kinywa hicho hicho, asubuhi ya Jumapili, nyumbani kwao, kama mke amwitavyo mumewe. Lakini Belgin alizaliwa juu ya duka na kulelewa ndani yake, na alilisema kama linavyosemwa dukani.

Nje manyunyu yalikuwa yameanza tena. Kenan alishuka mteremko katikati ya mvua, na hakuinua mkono kujikinga.